Kilima Kilichofutwa Ramanini

Habari hii niliisikia kwanza kwa shangazi yangu Swalha, mwaka 2023, jikoni kwetu Wete, siku aliyorudi kutoka Guangzhou, China. Naiandika kama alivyoisema.

Baba mdogo Ussi ni mdogo wake, mhadhiri wa chuo kimoja huko. Hufundisha kupima sakafu ya bahari kwa mwangwi wa sauti, na kuchagua mahali pa kusimika mitambo ya umeme wa mikondo ya maji. Magharibi moja alifika dukani kwa shangazi, jengo la Tianxiu, na kifurushi cha vipuri kiingie kwenye kontena lake la mizigo ya kwetu. Vilikuwa vya mtambo wa kwanza, uliokuwa ukifungwa Pemba kwa ramani yake. Mvua ilimlowesha.

"Daktari wa maji, hata mwavuli huna!"

"Mwezi ujao profesa wa maji, dada. Niheshimu."

Walifunga duka, wakaita lifti. Saa hiyo lifti za Tianxiu hujaa watu na mabunda. Hii ilikuja na mwanamke mmoja tu, kajitanda kanga, kageukia ukutani.

Harufu ya mwani uliooza.

Milango ikafungwa. Maji yalimchuruzika... tone... tone... Shangazi alidhani ni mvua, hadi yalipomgusa vidole vya miguu. Yalikuwa vuguvugu, kama bahari ya kwetu.

"Ussi," mwanamke alinong'ona, Kipemba kitupu, bila kugeuka. "Nyumba yangu umeifuta. Na sasa mdogo wenu yu mlangoni."

Lifti ikasimama.

"Umefuta nini?" shangazi aliuliza.

"Kelele tu za mwangwi, dada. Kilima kilichohama kila chombo kilipopita juu yake. Kipimo cha namna hiyo hufutwa, ndiyo kazi. Wavuvi walisema pale pana mzimu, tuombe ruhusa kwanza... Nikawacheka."

Mdogo wao alikuwa Haroun, mzamiaji. Pemba ulikuwa mchana bado. Alikuwa chomboni, akingoja mkondo utulie azame kukagua nguzo za mtambo.

"Mpigie asizame!"

Ussi alitoa simu. Jina la Haroun likatokea kwenye kioo. Hakubonyeza.

"Nikisema nimefuta kilima ramanini, uprofesa ndio basi. Kazi yangu yote, dada..."

"Lete hiyo simu!"

Hakuiachia. Dada na kaka wakanyang'anyana simu, huku maji yakipanda kwenye vifundo vya miguu.

Lifti ikashtuka, ikashuka. Milango ilipofunguka, sakafu ilikuwa kavu.

Mwanamke hakuwemo.

Ndipo Ussi alipopiga. Alipokea nahodha.

"Haroun? Kazama sasa hivi."

Kamba yake iligoma, wakaweza kuivuta jioni. Mkanda wake wa kiunoni, ulioshikwa na kamba hiyo, ulirudi umefungwa, vifungo vyote mahali pake.

Mtu hamna.

Wapimaji wengine walikwenda baadaye. Wanasema pale ni mchanga mtupu, na ramani ya Ussi haina kosa. Uprofesa aliupata. Nyumbani hakuna anayemwita hivyo.

Shangazi Swalha yu hai, na duka lake. Baba mdogo Ussi yu hai. Nyumbani haji, nasi hatumwiti. Bibi, mama yao, yu hai pia. Kwa aibu tulimwambia Haroun kamfuata kaka yake China. Hatumbishii anaposema mwanawe humpigia kila magharibi, ila sauti yake imejaa maji.

Kwa hiyo Haroun sijui nimwandike wapi, kwa walio hai au kwa waliokufa.