Mkono Ndani ya Droo

Lesiamon alikutwa amelala kifudifudi juu ya meza yake ya kazi, kisogo kimepasuliwa, mkono wa kulia uko ndani ya droo.

Damu ilikuwa imetambaa juu ya ubao hadi ukingoni, ikadondokea sakafuni, na huko ikakutana na vigari. Vilikuwa vya plastiki, vidogo vya kukaa kiganjani, na vilikuwa vimekanyagwa vikawa chenga. Kando ya kiti kulikuwa na jiliwa, kile chuma kizito cha kubania vitu mezani. Nywele zilikuwa zimeganda kwenye meno yake.

Inspekta Nasieku alisimama mlangoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na subira yake ilikuwa ndogo zaidi.

"Angalia unapokanyaga," alimwambia Sajini Mugo.

"Nikanyage wapi, Afande? Hakuna palipobaki."

Marehemu alikuwa na duka la dawa mjini Kitengela, na watu walimwita Daktari, maana huku kwetu anayekuuzia dawa ni daktari mpaka akuue. Jioni na Jumamosi alijifungia katika chumba hiki cha uani akiunda vigari. Vipande huja katika boksi, vimeshikana kwenye fremu za plastiki. Unavikata kwa kisu chembamba, unavipiga msasa, unavigundisha na kuvipaka rangi, mpaka unapata Land Rover isiyokosa kitu ila petroli. Majirani walisema ni mchezo wa watoto. Akiutazama mwili ule, Nasieku hakuona mchezo wowote.

"Amepigwa mara ngapi?" Mugo aliuliza.

"Daktari wa maiti atatuambia. Lakini pigo la kwanza lilimtosha. Mengine ni hasira."

Kabati la vioo lilikuwa limevunjwa. Kwenye vipande vya kioo kulikuwa na damu nyingine, na matone yake yalitoka nje, yakapita uani hadi kwenye geti. Muuaji alikuwa amejikata. Juu ya kabati, maboksi ya seti ambazo hazijaundwa yalikuwa yamepangwa vizuri, bado yana nailoni ya kiwandani, na hakuna aliyeyagusa. Boksi moja tu lilikuwa wazi. Lilikuwa na picha ya Datsun nyekundu ya rali, na vipande vyake vyote vilikuwa bado vimeshikana kwenye fremu, isipokuwa kimoja kilichokuwa kimekatwa.

"Alikuwa anatafuta silaha kwenye droo," Mugo alisema. "Alisikia adui, akaingiza mkono."

Nasieku alivaa glavu, akavuta droo polepole. Vidole vya marehemu vilikuwa vimegusa kisanduku kidogo cha kioo chenye ukingo wa mbao uliong'arishwa. Ndani yake, juu ya kitambaa cheusi, kulikuwa na boneti nyekundu ya kigari. Katikati ya rangi kulikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yote ikionekana, kana kwamba mtu aliishika kabla haijakauka.

"Silaha yako hiyo, Sajini."

Mugo aliinama akaitazama. "Hii si imeharibika? Fundi gani anaweka kazi mbovu kwenye kioo?"

Nasieku alikifunga kisanduku katika mfuko wa vielelezo, akaandika kipelekwe maabara.

Mkewe marehemu, Yvonne, alikuwa ameketi barazani. Bado alikuwa amevaa nguo za harusi.

"Supa, Yvonne," Nasieku alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Pole sana, mama. Jana Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kiserian. Dada yangu alikuwa anaolewa. Nimerudi saa hii, nikapata..."

"Mlikuwa na ugomvi, wewe na yeye?"

"Nigombane na yeye ya nini? Hakuwa mlevi, hakuwa na wanawake. Alikuwa na hizo gari zake."

Mugo alikohoa na kumsogelea Inspekta. "Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona.

"Tazama mikono yake kwanza," Nasieku alimjibu kwa sauti ile ile. Mikono ya Yvonne ilikuwa mizima, ina hina ya harusi. "Yvonne, kuna mtu alimtishia?"

"Ngigi. Ni clearing agent huko Namanga, anatolea watu mizigo mpakani. Yeye pia hukusanya hizo gari. Alipiga simu, nikamsikia akisema, 'Lesiamon, mimi nitakuua.' Aliisema mara mbili."

*

Ngigi aliwaona wakishuka kwenye gari la polisi, akatoka mbio. Alipita katikati ya malori yaliyopanga foleni ya mpakani, akaruka mnyororo, akamwangusha mama mmoja na shanga zake. Mugo alimpata nyuma ya tangi la mafuta. Alimdaka kiunoni, wakaanguka wote, na uso wa Ngigi ukakutana na lami. Alipoinuliwa, midomo ilikuwa imepasuka na jino moja limebaki chini.

"Mbona ulikimbia?" Nasieku alimuuliza wakiwa katika chumba cha mahojiano.

"Nilisikia amekufa. Nikajua mtanikujia."

"Mikono juu ya meza."

Ngigi aliiweka. Haikuwa na mkato wowote, kucha tu zilizojaa changarawe za Namanga. Nasieku alimtazama Mugo, Mugo akatazama dirisha.

"Ulisema utamuua."

"Nilisema. Ni hasira tu, madam. Nilimuuzia Datsun, seti ya zamani, haitengenezwi tena. Ilikuwa bado imefungwa. Aliniapia haitafunguliwa, ndiyo maana nikakubali kuachana nayo. Halafu ananipigia anasema ameifungua." Alipangusa damu kidevuni. "Unajua alitoa nini? Boneti. Boneti peke yake."

"Ya nini?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema kuna mtu anaihitaji kuliko sisi wawili. Nikamtukana, nikakata simu." Alisogeza kiti mbele. "Maboksi yake mengine yako aje?"

"Hayakuguswa. Vilivyokanyagwa ni vile alivyounda."

"Basi huyo si mtu wetu. Sisi wakusanyaji tungebeba maboksi. Huyo alichukia zile zilizomalizika." Alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Na ile Datsun ingine? Nilipompelekea seti alikuwa na moja nyekundu mezani, karibu imalizike."

Nasieku alikumbuka sakafu. Alikuwa ameona chenga za kijani, za buluu na za manjano, lakini hapakuwa na Datsun nyekundu.

"Mwachilie," alimwambia Mugo. "Na umtafutie daktari wa meno."

*

Maabara ilipiga simu Nasieku akiwa anakula.

"Damu ya kwenye kioo ni ya mwanamke. Si mke wake, tumelinganisha."

"Na alama ya kidole?"

"Ni gumba la kulia, na iko wazi kabisa. Tumeitafuta kwenye rekodi za vitambulisho, hakuna. Hata ya mtu anayefanana naye, hakuna."

"Maana yake nini?"

"Ama ni mgeni, ama hajawahi kuchukua kitambulisho."

Nasieku alisukuma sahani kando. Asiyechukua kitambulisho ni mtoto. Alirudi kwa Yvonne, akamkuta jikoni katikati ya wanawake wa matanga, akamwita pembeni.

"Kuna mtoto alikuwa anakuja kwa bwana yako kuunda gari?"

Uso wa Yvonne ulibadilika. "Morgan. Alikuwa anatoka Kajiado kila Jumamosi. Bwana yangu alimpenda kama wake, si unajua sisi hatukupata." Alijifunika mdomo kwa leso. "Lori lilimgonga Isinya, akafa. Alikuwa bado anangoja kufika miaka ya kupata ID."

"Mama yake ni nani?"

"Rahab Mugure. Wa duka la nafaka hapo Kajiado. Majuzi alileta gari ya kijana, akaomba imaliziwe. Ilikuwa imebaki magurudumu na vioo."

"Alikuwa arudi lini kuichukua?"

Yvonne alifikiri. "Jumamosi," alisema.

*

Rahab Mugure alikuwa akishusha magunia ya mahindi peke yake. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, na alibeba gunia lenye uzito wa mtu mzima bila kuhema. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu kavu.

"Mama Morgan," Nasieku alisema. "Mkono una nini?"

"Ni bati."

"Pole. Tunaweza kuingia?"

Ndani, juu ya rafu nyuma ya mizani, kulikuwa na picha ya kijana mwenye tabasamu la aibu. Mbele ya picha ilikaa Datsun nyekundu. Ilikuwa na magurudumu na vioo, kazi safi kabisa, ila boneti ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, rangi yote imetoka, plastiki nyeupe imechimbika kana kwamba mtu alikuwa akitafuta kitu chini yake.

Mugo alinyoosha mkono kuichukua. Lilikuwa kosa.

"Usiishike," Rahab alisema, na kabla neno halijaisha alikuwa amenyakua jiwe la mizani na kumpiga nalo begani. Mfupa ulilia. Mugo alipiga goti. Rahab aliinua jiwe tena, safari hii akilenga kichwa, na Nasieku akamrukia kwa nguvu zake zote. Walianguka juu ya magunia, gunia likapasuka, mahindi yakamwagika juu yao. Rahab alimuuma kwenye mkono, akampiga kiwiko usoni. Nasieku alionja damu yake mwenyewe. Alimgeuza, akamkandamiza goti mgongoni na kumtia pingu. Mikono ilipokwisha kufungwa, Rahab alilegea ghafla, akalala pale kwenye mahindi akitazama rafu.

"Msiivunje," alisema. "Tafadhali, msiivunje."

*

Walimketisha katika ofisi ya upelelezi ya Kajiado. Nasieku alikuwa na pamba puani. Mugo alikaa pembeni, mkono umening'inizwa shingoni. Kulikuwa pia na afisa mkuu wa kusikiliza na kuandika, kama sheria inavyotaka.

"Si lazima useme kitu," Nasieku alimwambia. "Utakachosema kitaandikwa, na kinaweza kutumiwa mahakamani."

"Andikeni."

"Ulimuua Lesiamon?"

"Nilimuua."

"Kwa nini?"

Rahab alitazama mikono yake yenye pingu. "Uko na mtoto, madam?"

"Niko naye."

"Akikufa utabaki na nini? Nguo, sindio? Mimi nilifua zake, mjinga mimi, nikatoa harufu yote. Simu ilisagwa na lori. Hata kitambulisho hakuwa amechukua. Nilibaki na hiyo gari. Alikuwa ameipaka rangi akiwa na haraka, akaishika kabla haijakauka, akaacha kidole chake hapo mbele. Alisema ameiharibu. Alikuwa akuje aipige msasa. Kila jioni nikifunga duka nilikuwa naweka kidole changu hapo kwa kidole chake. Kilikuwa kinaenea. Nikaongea na yeye, nikaenda kulala. Hivyo ndivyo nilikuwa naishi."

"Ukampelekea Daktari."

"Nilimwambia aweke magurudumu. Magurudumu na vioo, hiyo tu. Nikaenda Jumamosi, nikapata ameiweka mezani, inang'aa. Nikapitisha kidole. Hakukuwa na kitu. Nikamuuliza, 'Daktari, kidole cha Morgan kiko wapi?' Akatabasamu. Mtu alitabasamu, madam. Akasema, 'Hiyo ni safi sasa, mama Morgan. Hebu ngoja kidogo.' Akanipa mgongo."

"Halafu?"

"Hicho chuma kilikuwa hapo karibu. Nikampiga. Alianguka juu ya meza, na nikaendelea kumpiga mpaka mkono ukachoka. Nikaona zile zake kwenye kabati, zote zinang'aa, hakuna hata moja iko na alama ya mtu. Nikazivunja. Nikachukua yangu nikaenda nyumbani. Nikasema labda kidole kiko chini ya hiyo rangi mpya. Nilikwangua usiku wote. Hakuna."

Afisa mkuu aliacha kuandika. Nasieku alijua uso wake unamsaliti. Alitamani kesi hii ingekuwa ya mwizi, ya mlevi, ya mtu yeyote ambaye angeweza kumchukia. Alifungua kabati la vielelezo, akatoa kisanduku cha kioo, akakiweka mezani.

"Hakuipiga msasa," alisema. "Hakuondoa chochote. Alinunua seti nzima ya Datsun ili apate boneti nyingine ya kuweka kwenye gari. Ya kijana aliitoa, akaitengenezea hii."

Rahab alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo."

"Alisema ningoje."

"Ndiyo."

"Alikuwa ameifikia?"

Nasieku angeweza kudanganya. Ingekuwa huruma ya aina fulani. "Vidole vyake vilikuwa vimeigusa," alisema.

Mlio uliomtoka Rahab uliwafanya askari wa zamu wafungue mlango. Nasieku aliwaashiria watoke. Alingoja hadi mlio ukawa kwikwi, na kwikwi ikawa pumzi. Halafu akavuta kifuniko cha kioo. Maabara walikuwa wamemaliza kazi yao, na kama mkubwa wake angekuja kumwuliza, angemjibu wakati huo. Alisukuma kisanduku mpaka kikafika mbele ya mikono yenye pingu.

"Kishike, mama Morgan. Mara moja tu."

Rahab aliinua kidole gumba chake cha kulia. Kitambaa kilikuwa kimelegea, na kwenye mikunjo ya ngozi bado kulikuwa na weusi wa damu, ambao maji hayakuwa yameutoa. Kidole kilifika juu ya boneti, kikasimama hapo.

Kisha akakirudisha, akaificha mikono yote miwili chini ya meza.

"Funika," alisema. "Si na huu mkono."