Muhuri Nambari 73

Kila asubuhi, tukishakula ugali wa mahindi kwa jibini, sisi wanafunzi wa bweni la ufundi mjini Galați tulijipanga mbele ya karakana, buti zimefungwa na nywele zimefunikwa. Mwalimu Zaharescu hakuvumilia uzembe.

Smaranda, msichana wa miaka kumi na minne, ndiye aliyetangulia daima. Marehemu baba yake alichomelea meli, na kando ya kila mshono wake aligonga muhuri wa chuma wenye nambari 73. Kwa desturi yetu, nambari ya fundi aliyefariki humngojea mwanawe hadi afaulu jaribio lake la kwanza, ndipo airithi.

Jumatatu moja jaribio lake lilikuwa kuunga chuma cha aloi, yaani chuma kilichochanganywa na metali nyingine, kwa njia mbili. Waya unaolindwa na gesi huenda haraka, ila upepo ukiitawanya gesi, mshono hujaa matundu. Vijiti vya kuchomelea huvumilia upepo wa sitahani, ila vikinywa unyevu, aloi hupasuka baadaye. Sharti vikaushwe tanurini kwa saa mbili, na muda uandikwe daftarini.

“Smaranda, unachomelea au unafuma sweta?” alitania Petrică, mwanafunzi mwenzetu aliyeshika funguo za tanuri na kuliangalia.

“Nifumie na wewe soksi?” alijibu Smaranda. Tukacheka.

Lakini kweli aliuremba mno mshono wa waya, na muda ukamtupa mkono. Vijiti vyake vilikaa tanurini dakika ishirini tu. Petrică alipokwenda kuleta mtungi wa gesi, Smaranda akaandika daftarini: saa mbili.

Mishono yote miwili iling'aa. Jumatano, Mwalimu alipokikunja kipande kilichoungwa kwa vijiti ili kukijaribu, kikalia ta! Kikapasuka.

“Petrică, daftari linasema saa mbili. Ina maana tanuri lako lilikuwa baridi. Lete funguo. Kesho unarudi kwenu.”

“Naapa lilikuwa moto, Mwalimu! Mama nitamwambia nini?”

Smaranda alijua kwamba akisema kweli, ataipoteza nambari ya baba yake. Akapiga hatua mbele.

“Si yeye, Mwalimu. Ni mimi niliyeandika uongo.”

Mwalimu alimrudishia Petrică funguo na kumwomba radhi mbele yetu sote. Kisha akautoa muhuri 73 aliokuwa akiutunza na kuusaga kwenye jiwe la umeme la kunolea mpaka tarakimu zikafutika.

“Ni ya baba, Mwalimu! Tafadhali!” alilia Smaranda.

“Najua. Nilifanya naye kazi miaka kumi na minane.” Mwalimu alizima jiwe, macho yamemlowa. “Mshono uliopasuka ungeurudia, mwanangu, na nambari ingekungojea. Uongo wa daftarini haurudiwi. Mabaharia hulala ndani ya meli kwa kuamini tulichoandika. Leo umesema kweli ilipokuuma, nawe utapewa nambari yako mwenyewe. Hii ya baba yako naifunga, isitumiwe tena na yeyote, ikiwa safi, kama alivyoiacha.”