Mstari wa Pili

Duka la vyombo lilikuwa limejaa watu siku hiyo, na sinia jeupe lilibaki moja tu. Fundi cherehani alilishika upande huu, fundi bomba upande ule, na hakuna aliyetaka kuachia.

“Dada, samahani, hili nimeliona mimi kwanza.”

“Ungeliona ungelichukua, kaka. Mama yangu anataka la kuchagulia mchele.”

“Mimi nataka la kuhesabia wadudu.”

Dada alimpima kwa macho, juu mpaka chini: ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, spana mfukoni, uso wa mtu asiye na haraka. Yeye mwenyewe alivaa gauni la njano alilojishonea, na tepu ya kupimia alikuwa ameisahau shingoni.

“Wadudu gani hao wanaoandaliwa sinia?”

“Wa kijitoni. Basi lichukue wewe, ila Jumamosi uje nalo ujionee.”

Jumamosi ikafika, akaenda nalo. Tusidanganyane, hakufuata wadudu.

Kijito kilipita nyuma ya nyumba zao, chini kidogo ya kiwanda cha kufulia mashuka. Kila Jumamosi asubuhi watu waliojitolea, wakiongozwa na mwalimu mstaafu, walikichunguza wawili wawili. Mmoja aligeuza mawe na kusuuzia wadudu kwenye sinia, mwingine aliandika. Wapo wadudu wadogo wenye mikia mitatu ambao hawavumilii uchafu. Wakionekana, maji ni mazima. Mwisho wa fomu kuna mistari miwili ya saini, kila mtu na wake. Na mwalimu hakuwa na mchezo: ukikosa mara tatu bila taarifa, unafutwa.

“Sindano, andika. Mikia mitatu, saba.”

“Mimi naona sita, Bwana Bomba.”

“Wa saba kakuona wewe, kashikwa na haya.”

Ndivyo walivyoanza. Kisha zikaja simu za mchana na jioni, umekula, umefika, mbona sauti hivyo. Bomba akarekebisha mfereji wa mama bila kuombwa, mama akaanza kumwita mkwe, na mwenyewe akaahidi kwamba mwezi unaofuata angemleta mjomba wake waje kuzungumza.

Jumamosi moja hakutokea. Simu haikupatikana, na tayari alikuwa amekosa mara mbili. Sindano aligeuza mawe peke yake akiwa amefura kwa hasira. Hakupata mkia hata mmoja. Minyoo myekundu tu na harufu ya sabuni. Akaandika, akaweka saini yake. Halafu mapenzi yakamzidi nguvu, akaweka na ya Bomba kwenye mstari wa pili, ili mwalimu asimfute.

Jioni namba ngeni ilimpigia mara nne. Hakupokea. Alidhani ni Bomba kaazima simu ya mtu aje kujitetea, na kweli alikuwa yeye. Angepokea, nisingekuwa na la kusimulia.

Kumbe tangu alfajiri Bomba alikuwa kiwandani, ameitiwa bomba lililopasuka, na simu yake ikatumbukia majini. Chini ya sakafu aliona bomba nene linalomwaga sabuni na dawa moja kwa moja kijitoni. Kesho yake kulikuwa na kikao cha mtaa. Akasimama, akaeleza yote mbele ya maofisa wa afya.

Mwenye kiwanda alitabasamu. “Huyu Jumamosi hakukanyaga kwangu. Someni fomu yao wenyewe, nakala yake nimeiona ofisi ya mtaa.”

Mwalimu akaifungua. Saini ya Bomba ilikuwa pale, Jumamosi, saa mbili asubuhi, kijitoni. Bomba aliitazama, kisha akamtazama Sindano. Alimjua kwa kile kijimkia anachokiacha mwisho wa kila herufi. Akisema, Sindano ataitwa mghushi, na fomu za mwaka mzima zitatupwa. Alisubiri. Sindano akainamisha kichwa.

“Labda nimechanganya siku,” Bomba akasema.

Watu walicheka. Kuanzia hapo akawa muongo wa mtaa, na nani atamwingiza muongo nyumbani kwake akamfungulie mabomba?

Siku tatu baadaye Sindano alipiga simu akilia. “Kwa nini hukunitaja?”

“Nilitaka ujitaje mwenyewe.”

“Niliogopa, mpenzi.”

“Najua. Tangu siku ile nimekaa na hii simu mpya mkononi. Sikuwa nasubiri kazi.”

Bado zilimchukua Sindano wiki tatu kujitaja. Siku aliyokwenda kwa mwalimu na kusema yote, fomu za mwaka zilitupwa kweli, lakini maofisa walikwenda kufunua sakafu, wakalikuta bomba na kuliziba. Sindano alikimbia hadi chumbani kwa Bomba kumpa habari. Akakuta mpangaji mwingine anatundika mapazia. Bomba alikuwa amepata kazi mji wa mbali, mwendo wa siku mbili.

Miezi ikapita. Jumamosi moja, sinia likiwa mapajani, simu ikaita.

“Wamerudi?” Ile ile sauti isiyo na haraka.

“Leo wawili,” Sindano alisema. “Wa tatu ana haya.”

Bomba alicheka kidogo.

“Rudi basi,” Sindano akasema. “Mama anakuulizia. Mimi nakuulizia.”

“Nimekusamehe, Sindano, kwa moyo wote. Lakini kila nikikufikiria nakuona vile ulivyoinama. Nimejitahidi, haiondoki.” Akavuta pumzi. “Nani anahesabu nawe siku hizi?”

“Peke yangu. Mwalimu kaniruhusu.”

“Na mstari wa pili?”

“Nauacha wazi.”



“Mpe mtu mwingine aweke saini,” Bomba akasema taratibu. “Usiniwekee nafasi, kipenzi.”

Simu ilipokatika, Sindano aliandika wawili, akaweka saini yake moja, na kuyarudisha maji ya sinia kijitoni polepole, wale wadudu wasiumie.