Mjakaranda Uliokosa Pumzi

Fundi cherehani alikuwa na dirisha lake. Lilitazama uani, na hapo ndipo alipoweka cherehani yake. Nje ya dirisha palikuwa na kibaraza cha saruji. Katikati ya kibaraza ulisimama mjakaranda mkubwa. Baba mkwe wake aliupanda zaidi ya miaka hamsini iliyopita, mwaka alipomaliza kujenga nyumba ile. Sasa shina lilikuwa nene hivi kwamba watu wawili wakishikana mikono hawakuweza kulizunguka.

Wateja walipenda kusubiri nguo zao kivulini. Mama mkwe naye alikuwa na kiti chake pale. Alichambua mboga, akasalimia kila mteja, na kumwambia kama gauni limemkaa au halijamkaa, aulizwe asiulizwe.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, hapakuwa na upepo hata wa kutikisa pazia. Mama mkwe aliinuka kwenda jikoni kuchukua kisu. Alipofika tu mlangoni, juu kukasikika mlio. Kraa! Tawi nene kama paja la mtu likaanguka. Kiti kikavunjika vipande vipande.

Fundi cherehani alitoka mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mama! Mama, uko wapi?"

"Niko hapa, mwanangu." Mama mkwe alikuwa ameshikilia mlango kwa mikono miwili. Alikitazama kile kiti. "Jamani, nilikuwa nimeshakizoea."

Alijaribu kucheka. Akakaa chini palepale kizingitini.

Mchana mume wa fundi alirudi kutoka kazini. Yeye alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache. Alilitazama tawi. Akamtazama mama yake.

"Basi," alisema. "Mti huu unaondoka."

"Ni mti wa baba yako," mkewe alimkumbusha.

"Baba hakuupanda uje kumuua mke wake."

Fundi cherehani aliinama, akaanza kuokota vipande vya kiti.

Alasiri ileile mume alimleta mtu mwenye msumeno wa mashine. Yule mtu aliuzunguka mti mara moja tu, mkono mfukoni.

"Kuung'oa wote ni kazi kubwa," alisema. "Ila naweza kuukata kichwa. Nafyeka matawi yote, nabakiza shina. Utachipua upya, utakuwa kama kijana."

"Hapo umenena," mume alisema.

"Ukikatwa kichwa, baada ya miaka michache ndipo utawaangukia kweli!"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta. Alikuwa jirani yao, Mama Kamba. Kazi yake ilikuwa kutunza miti ya barabarani na ya bustani za mji. Kwa miaka ishirini alikuwa akikwea miti akiwa na kamba begani. Jina lake halisi watu walikwisha kulisahau.

Aliingia kwa mlango wa uani, akasalimia, akashika kiuno.

"Majani ndiyo yanayoupikia mti chakula," alieleza. "Ukiyafyeka yote, mti mzee unabaki na njaa. Unachipua kwa pupa. Na vile vichipukizi havijashika ndani. Vimeshika juu juu tu, kama kifungo kilichoshonwa kwa uzi mmoja. Vikinenepa, vinakatika. Na juu pale ulipokatwa, panaoza."

Mume alikunja uso. "Mama yangu nusura afe leo, jirani."

"Najua. Ndiyo maana sisemi muuache hivihivi. Nasema tuuchunguze kwanza. Kesho siendi kazini, nitakuja mapema. Leo mtu yeyote asikae chini yake, hata kuku."

Mwenye msumeno akaaga, akaenda zake.

Asubuhi Mama Kamba alikuja na nyundo ya mbao na jembe dogo. Kwanza alisimama mbali, akautazama mti kutoka juu mpaka chini. Alionyesha matawi makavu yasiyo na jani hata moja. Kisha akasogea na kuligonga shina pande zote, sikio lake karibu na gome. Ngo, ngo, ngo.

"Sauti hii ni ya mti mzima," alisema. "Ungekuwa mtupu ndani, mngesikia kama ngoma."

Halafu akapiga magoti.

"Nani alimwaga saruji hii mpaka shinani?"

Fundi cherehani aliinua mkono.

"Mimi," alisema. "Wateja walikuwa wanachafuka kwa tope. Nilimsumbua mume wangu mpaka akaimwaga. Huu ni mwaka wa nne."

"Na matawi yalianza kukauka lini?"

Fundi alihesabu kimoyomoyo. "Mwaka juzi," alijibu kwa sauti ndogo.

"Mizizi inapumua kama sisi. Mingi haiko chini sana, iko hapa karibu na juu, na inakwenda mbali kupita matawi. Mmeifunika kwa mfuniko. Haipati hewa, haipati maji." Mama Kamba alisogea kidogo. "Na waya huu je?"

Mume alikohoa. Aliufunga yeye, wa kuanikia nguo. Ulikuwa umezama ndani ya gome kama pete kwenye kidole kilichovimba.

"Na majivu haya?"

Mama mkwe alitazama mawingu. "Majani yakidondoka nayachoma hapo. Sasa ulitaka niyale?"

Wote waliangua kicheko, hata mume.

"Kumbe tumeuonea kwa zamu," fundi alisema.

"Bado mna nafasi," Mama Kamba alisema. "Shina ni zima. Mti huu unaweza kuwafikisha mbali. Ila tawi lile, hapana." Alionyesha tawi kubwa lililopita juu ya chumba cha mama mkwe. "Limepasuka kwenye maungio, na uyoga umeota pale. Uyoga ukiota kwenye mti, ujue ndani kuna kinachooza. Tawi hilo lazima liondoke lote."

Fundi alilitazama. Ndilo lililotia kivuli dirisha lake. Alilipenda kuliko mengine yote.

"Hakuna namna nyingine?"

"Kwa tawi hilo sikudanganyi, mdogo wangu. Hakuna."

Fundi alimtazama mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama na mkono kiunoni, hai.

"Likatwe," alisema.

Mume aliomba ruhusa kazini kwa siku mbili. Akaivunja saruji kwa nyundo kubwa, jasho likimtiririka. Mkewe alibeba vipande. Kisha waliuondoa polepole udongo uliorundikana shinani, mpaka wakaona mahali shina linapotanuka kuingia ardhini. Waya waliukata ulipokuwa wazi. Kipande kilichomezwa na gome walikiacha, maana kukichokonoa kungeuumiza mti zaidi.

Jumamosi Mama Kamba alikuja na wenzake wawili, wakiwa na kofia ngumu, mikanda na kamba.

"Kazi hii si ya ngazi na panga," alimwambia mume. "Na kama tawi lingegusa nyaya za umeme, hata mimi nisingeligusa. Ningewaita watu wa umeme kwanza."

Walilikata tawi kipande kwa kipande. Kilipobaki kipande cha mwisho, Mama Kamba alikata kidogo kwa chini, mbali na shina. Kisha akakata kwa juu, mbele zaidi. Kipande kikashuka kwa kamba bila kuchana gome. Kikabaki kigutu, akauweka msumeno mbele kidogo ya shina.

"Mbona hukikati sawasawa na shina?" fundi aliuliza kutoka chini.

"Unaona uvimbe huu, kama kola ya shati? Hapa ndipo mti unapofunga kidonda chake. Nakata nje ya kola. Nikiikata kola yenyewe, kidonda hakifungi. Nikiacha kigutu kirefu, kinaoza."

"Kama kupunguza kitambaa kwenye mshono," fundi alisema. "Ukiukata mshono, nguo yote inafumuka."

"Haswa! Nikistaafu, utashika kazi yangu."

Mume alikuja na kopo la rangi ili apake kidonda. Mama Kamba alimrudisha nalo. "Acha kidonda kikauke chenyewe. Rangi inafungia unyevu ndani."

Matawi makavu nayo yaliondolewa. Mabichi hayakuguswa, kwa sababu mti mzee ukipunguzwa sana hauinuki tena. Mama Kamba aliwafundisha kutandaza majani makavu juu ya udongo, wakiacha nafasi ya shubiri mbili kuzunguka shina. Wakati wa kiangazi walimwagilia mara moja kila wiki mbili, taratibu, chini ya ncha za matawi na si shinani. Kwa wateja, mume alitengeneza njia ya mbao kutoka mlangoni hadi dirishani. Hakuna aliyechafuka viatu.

Mwaka wa kwanza mti haukuonyesha kitu. Fundi alikuwa akiutazama kila siku. Mwaka wa pili majani yalijaa mpaka ncha za juu kabisa. Kidonda kilianza kujifunga kwa duara la gome jipya. Maua yalipofunguka, uani kote kukawa zambarau.

Mvua za mwaka ule zilikuja na dhoruba ya mchana. Mabati yaliruka. Fundi, mume na mama mkwe walikaa sebuleni wakisikiliza mjakaranda ukivuma. Ilipotulia walitoka. Chini palikuwa na vijiti na maua, basi.

Jioni alikuja mwalimu mmoja wa mtaa wa nyuma, nguo zimelowa. Mti wake, ulioota karibu na njia ya gari, ulikuwa umedondosha tawi juu ya ukuta.

"Wenu umesimama," alisema. "Wangu naogopa kulala nao. Mliufanya nini?"

Fundi cherehani alifunika cherehani yake, akachukua nyuma ya mlango nyundo ya mbao aliyopewa na Mama Kamba.

"Umesema umeota karibu na njia ya gari? Hiyo njia umeiwekea saruji?"

"Ndiyo. Kwani ndiyo sababu?"

"Sijui bado," alisema fundi, akivaa viatu. "Twende nikapige magoti nione. Na njiani tumpitie Mama Kamba."