Aliyevuka Mto Bravo

Asubuhi hiyo Refugia alikanda unga wa mahindi kwa maji ya mtungini, kisha akautupa wote nje. Ulinuka mbwa aliyelowa, na ndani yake mlikuwa na kitu cha kahawia kinachonata kama makohozi.

"Umetemea tumbaku humu?" alimfokea mumewe.

Anselmo alisimama mlangoni, kiganja puani.

Nicanor, jirani yao, alikuwa akipita na mbuzi wake. Akacheka. "Chura kafia mtungini, shemeji! Njooni mchote kwangu."

Wakachota kwake. Harufu haikuondoka. Iliingia kwenye maharage, kwenye shuka, kwenye nywele za Refugia, naye akatapika mpaka nyongo. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, mtungi ukasema. Sauti ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemwita ng'ombe zizini, "Pompi, Pompi, twende nyumbani," na maji yakatokota bila moto, yakamwaga povu la kahawia sakafuni, povu likatambaa polepole likiyazunguka mafiga, likimpita Refugia kana kwamba hayupo, likaenda kulamba vidole vya miguu ya Anselmo.

"Pompi ni nani?" Refugia alinong'ona.

"Mimi. Ndivyo walivyoniita kule Teksasi, kwenye mashamba yao ya pamba."

Akamweleza yote, wakiwa wamejibanza nje ukutani. Alipotoroka na kuvuka Mto Bravo kuja Meksiko, ambako hakuna mtumwa, alidhani yamekwisha. Lakini mwindaji mmoja wa watumwa watoro, Stroud, alivuka mto kumfuata.

"Kabla sijakuoa. Nilikuwa nachota maji, akanirukia na pingu mkononi, kana kwamba ameambiwa saa na mahali. Nikamzamisha kichwa. Nikakishikilia mpaka mapovu yakaisha. Nikamfukia kwenye tope."

Refugia alitema mate. Anselmo akainamisha kichwa.

"Sikutemei wewe," mkewe akasema. "Namtemea yule. Maiti, na bado anataka mtu wa kufuga!"

Wakamwita Bibi Tiburcia, mganga. Aliingia, akanusa, uso ukamkunjika.

"Nawajua wa namna hii. Nilizaliwa ng'ambo ile, wakati bado ni kwetu. Wamarekani wakaja na watumwa wao, wakapanda pamba. Pamba ikachosha ardhi, wakataka nyingine, na nyingine, mpaka vita, mpaka mto huu ukawa mpaka. Hata hapa hawakushiba. Chukua jembe, mwanangu."

Walimchimbua Stroud mchana kweupe. Miaka sita kwenye tope, na hakuoza. Alikuwa amenona. Mashavu yalimng'aa kama nguruwe aliyekwanguliwa, tumbo limejaa maji likichezacheza, na ngozi ya vidole imeota juu ya pingu, nyama na chuma kitu kimoja. Jembe lilipomgusa tu, alitoa pumzi ndefu ya tumbaku na mbwa, na Anselmo, ambaye hakulia siku ile alipomuua, alilia kwa kinyaa, akijifuta uso kwa mchanga, akijifuta tena, kwa sababu pumzi ile ilikuwa imemwingia mdomoni na alihisi haitatoka.

Bibi Tiburcia akammwagia chokaa na mafuta ya taa, akamchoma huku akisali. Moshi ulikuwa mzito kama mafuta ya kukaangia.

"Nimemtoa kwenu," akasema. "Lakini wa namna hii hafi. Huenda kwa aliyemkaribisha."

"Hatukumkaribisha sisi," Refugia akasema.

"Najua, binti."

Maji yakatakata. Walikula chapati za mahindi siku nne bila kuziba pua.

Jumapili akaja Nicanor. Midomo yake ilikuwa ya kahawia, yeye ambaye hakuwahi kutafuna tumbaku maishani.

"Shemeji, nisaidieni. Kwangu kila kitu kinanuka mbwa. Na kuna sauti mtungini. Inaniita jina langu."

"Inasemaje?" Anselmo akauliza.

Nicanor alitazama chini. "Inanishukuru."

Mbuzi hawakumfuata siku hiyo. Refugia alimtazama mumewe, akaona ameelewa ni nani aliyemwambia Stroud saa na mahali, akamshika mkono uliokuwa umeshaanza kukunja ngumi.

Anselmo akavuta pumzi. "Bibi Tiburcia anakaa nyuma ya kanisa. Nenda ukamwambie yote. Ukificha neno moja, hatoki."

Nicanor akafungua mdomo, ute wa kahawia ukamchuruzika kidevuni hadi kifuani. Akageuka. Hakuelekea kanisani. Alishuka mtoni, upande wa Teksasi, na kwa kila hatua walimsikia akiitika, "Naam, bwana. Naam, bwana."