Siku Mastura Aliposoma Mbele ya Watu

"Umetoka kwa ruhusa ya nani, Mastura?"

Idarusi alimkingia njia langoni mwa shule, mkono kauweka nguzoni. Watoto walipita chini ya mkono ule mbio mbio, wengine na vibendera vya karatasi, wengine na magunia ya kuchezea. Ilikuwa Desemba mwaka 1955, siku ya kufunga shule moja ya wasichana pale Ngamiani. Kesho yake walimu Wakristo wangekwenda makwao kula Krismasi.

"Nimekuja kumtazama mwanangu. Tabia anaimba."

"Nakuuliza ruhusa! Umo edani. Talaka nilikupa moja tu, bado nina mamlaka juu yako."

"Nipishe, Idarusi. Watu wanatutazama."

"Na watazame! Au una haraka ya kumwona huyo Mwalimu Asheri wako?"

Mastura alikaza baibui lake. Maneno hayo hayo ndiyo yaliyovunja nyumba yao ya mtaa wa Usagara miezi mitatu nyuma. Mwatima, dada yake Idarusi, alimpelekea kaka yake habari kwamba mkewe huenda nyumba za walimu kila alasiri, na huko ndiko anakokaa Mwalimu Asheri, kijana asiye na mke. Idarusi, karani wa reli, mtu wa kujali heshima yake, alimwuliza mkewe mara moja tu: "Unafuata nini kule?" Mastura akasema, "Ningoje shule zifungwe, utajua." Idarusi hakungoja. Asubuhi yake aliandika talaka, Mastura akarudi kwa baba yake, mtoto kamshika mkono.

"Nimesema nipishe."

Sauti ile Idarusi hakuwa ameizoea. Akashusha mkono.

Uwanjani wazazi walikaa kwenye mabenchi, wanaume huku, wanawake kule. Watoto wakakimbia na ndimu kwenye vijiko, wakavuta kamba mpaka wakaangukiana, wakaimba. Tabia, mwenye miaka minane, aliimba huku macho yakienda kwa mama na kurudi kwa baba, hata akasahau ubeti mzima.

Kisha Mwalimu Kristina, Mbondei wa Muheza aliyesimamia sherehe, akainuka na karatasi.

"Wazazi wetu, kila mwaka majina ya watoto waliofuzu husomwa na mwalimu. Leo atasoma mzazi. Bi Mastura binti Safari, karibu."

Mwatima aliangua kicheko. "Mastura huyu? Ataishika karatasi miguu juu!"

Idarusi aliinamisha kichwa. Alijua mkewe hajui a wala be.

Mastura alisimama mbele na karatasi. Jina la kwanza lilimkwama. Mtu akakohoa. Akaanza tena, polepole, herufi baada ya herufi, likatoka. La pili likatoka. Kufika la tatu hakuna aliyekuwa akicheka.

"La tano," alisoma, "Tabia Idarusi."

Idarusi hakusikia vigelegele wala hakuona watoto waliojazana njiani. Alimfuata Mastura mpaka barazani mwa darasa.

"Umejifunza lini?"

"Alasiri zile."

"Na nani?"

"Na mimi, Bwana Idarusi," Mwalimu Kristina, aliyesimama kando, alijibu. "Barazani kwangu, machoni pa watu. Alitaka umsikie siku ya leo. Alipokaa eda, nikawa namfuata kwa baba yake."

"Kwa nini hukuniambia, Mastura?"

"Nilikuambia. Mwaka juzi, nilipoomba nisome, uliwageukia wageni wako ukasema kalamu ya mwanamke ni mwiko wa kusongea ugali. Mkacheka nyote. Sikutaka kuchekwa mara ya pili." "Unajua barua ya kwanza niliyoisoma peke yangu ni ipi? Ni talaka yangu. Baba alitaka kumwita mtu atusomee. Nikamwambia, nipe, nitasoma mwenyewe."

Idarusi aligeuka. Dada yake alikuwa nyuma yake.

"Dada, ulimwona na Asheri?"

"Nilimwona akitoka upande ule..."

"Na Asheri?"

"Watu walisema."

"Watu gani, Mwatima?"

Mwatima alivuta upindo wa kanga mdomoni. Machozi yakaanza kumlengalenga. "Tangu umuoe hukuja kwangu hata kuninywea chai. Tulizaliwa wawili tu, Idarusi. Sikumwona na mtu."

Idarusi aliinua mikono, akapaza sauti mpaka wazazi wakageuka.

"Nyote mashahidi! Nimemrejea mke wangu! Eda yake imebaki siku sita, nimezihesabu!"

"Umehesabu kwa kalenda ya ofisini," Mastura alisema. "Eda huhesabiwa kwa twahara za mwanamke, na anayezijua ni mimi. Yangu ilikwisha juzi, mimi si mke wako tena. Ndiyo maana umeniona nje."

Mikono ya Idarusi ilishuka yenyewe.

"Sasa nifanye nini?"

"Mwanamume akimtaka binti wa watu hufanyaje? Kapose."

Posa ya kwanza Mzee Safari aliirudisha. Ya pili aliiweka wiki tatu bila jibu, na Idarusi akakonda, akawa akipita barabara ya kumi na mbili, penye nyumba ya mzee, kila jioni bila kuthubutu kubisha hodi. Mwatima ndiye aliyebisha. Alipiga magoti mbele ya Mastura, akaomba radhi, na Mastura akampa mkono, ingawa hakumpa kiti.

Mwishowe posa ikapokelewa, na Februari watu walikaa mkekani kwa ndoa. Mzee Safari alikuja mlangoni mwa chumba alimokaa Mastura.

"Mwanangu, mwanamwali hunyamaza, tukajua ameridhi. Wewe umekwisha olewa, sharti utamke. Nikuoze Idarusi?"

Nje hata wenye tasbihi walisimamisha vidole.

"Baba, mwulizeni kwanza. Siku akiletewa neno juu yangu, atamwuliza nani?"

Mzee alikwenda. Mastura alisikia minong'ono, kisha sauti ya Idarusi mwenyewe:

"Nitamwuliza yeye. Na akiniambia ningoje, nitangoja."

Mastura alifuta uso kwa ncha ya ushungi.

"Nimekubali, baba. Niozeni."