Neno Nililomwambia Kungwi Wangu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mjane, nami hufundisha wasichana Kurani hapa Temeke. Haya sikuyasikia kwa mtu, yamenifika mwenyewe.

Mume wangu na mtoto wetu Zuhura, aliyekuwa na miaka sita, waliugua homa pamoja. Baba akafa, mtoto akapona... lakini tangu siku ile hakusema tena! Nami, badala ya kumhurumia, nilimpiga kwa kule kunyamaza kwake. Akazidi kunyamaza.

Majirani walipeleka habari ofisi ya ustawi. Huko kulikuwa na bibi wa Kizungu aliyechunguza namna ya kuwapatanisha wazazi na watoto wao pasipo kuwatenganisha. Kila Alhamisi tuliketi mkekani mbele yake, mimi na Zuhura, tukipikiana michanga katika vifuu, naye akiandika. Kisha mtoto alitolewa nje, nami nikaulizwa yaliyo moyoni. Mkalimani wake alikuwa Bi Salima, kungwi wangu, aliyenifunda tangu nilipovunja ungo.

Nani kati yenu angemshuku kungwi wake? Kwetu, ayasemayo mwari mbele ya kungwi huzikwa naye.

Mwezi wa tatu wa mchezo huo Zuhura aliniambia, "Mama, uji wako umeungua." Nililia kwa furaha!

Alhamisi iliyofuata niliulizwa sababu ya kumpiga. Nikasita. Bi Salima akanisogelea. "Sema, mwari wangu. Waona haya, kwani mie mgeni? Mwili wako wote naujua, sembuse moyo!"

Nikacheka, nikasema: walipokuwa kitandani wote wawili, nilitamani afe mtoto, abaki baba yake.

Sikujua kwamba Bi Salima alikuwa akimposea mwanawe binti wa wifi yangu, wala kwamba tangu msiba wifi alitaka kumchukua Zuhura amlee yeye. Siri yangu ikatangulia kama zawadi ya posa...

Wifi alinishtaki kwa kadhi. Alilitamka neno langu lote, Zuhura akiwa amesimama ubavuni pangu! Bi Salima alithibitisha bila kunitazama. Mtoto alikuwa ametimiza miaka saba, umri wa kuchagua, basi kadhi akamwuliza kwa upole, "Binti yangu, wataka kukaa kwa nani?"

Akajibu kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Kwa shangazi."

Bibi wa Kizungu alimfukuza mkalimani wake. Kulinifaa nini?

Siwaambii muyakimbie mazungumzo yale, yalimponya mwanangu. Nawasihi tu: ukitakiwa kufungua moyo, omba mkalimani asiyejua mlango wa nyumba yako. Na ikiwa una neno zito juu ya mtoto wako, mwambie wewe, pamoja na toba yake, kabla mwingine hajamwambia nusu. Mimi nilijuta siku ile ile niliyotamani... Zuhura hajui.

Tukikutana njiani huniamkia shikamoo, kwa adabu, kama aamkiavyo mwanamke yeyote apitaye.